Nywele za Mama za Kwenda Kaliua

Enzi zetu, wasichana wote wa shule ya msingi pale Tabora tulikuwa na kichwa kimoja. Nasema kimoja kwa sababu tulinyolewa siku moja, kwa mkasi mmoja, na ukitutazama kwa nyuma tukiwa mstarini hukuweza kujua yupi Tatu na yupi Mariamu. Mama yangu mwenyewe aliwahi kumvuta sikio mtoto wa jirani njia nzima hadi nyumbani, akidhani ni mimi. Alipogundua kosa lake hakumwomba radhi. Alimpa michembe ya viazi ya kuchemsha, kisha akatoka kuja kulitafuta sikio langu.

Hamu ya nywele tuliimalizia kwa midoli. Gunzi la mahindi ndilo mwili, katani ndiyo nywele, na tuliisuka mtindo wa twende kilioni mpaka vidole vikachubuka. Siku hizi mtoto ananunuliwa mdoli mwenye nywele ndefu kuliko za shangazi zake wote, na baada ya siku mbili amemtupa chini ya kochi.

Mama ndiye aliyekuwa na nywele. Hapo mtaani kwetu Ipuli zilijulikana. Zilikuwa nyeusi, nzito, na zilivunja vitana. Ijumaa jioni wanawake walikuja kukaa na sisi mkekani, wakasukana mmoja baada ya mwingine huku karanga zikizunguka kwenye ungo, na kila aliyeinamisha kichwa mapajani mwa mwenzake alitoa habari zake zote, hata ambazo hakuulizwa.

Basi mjomba wangu Ramadhani, mdogo wake Mama, akapata mchumba huko kwao Kaliua. Mama ndiye dada mkubwa, kwa hiyo ndiye angeongoza mawifi kumpokea bi harusi kwa ngoma, mbele ya ukoo mzima wa upande wa pili. Alianza mazoezi mwezi mzima kabla. Aliyafanya hata akisonga ugali. Kisha, zikiwa zimebaki siku nane, jirani mmoja aliyerudi kutoka Dar akamletea kopo la dawa ya kulainisha nywele.

Dawa ile ilitaka kuoshwa upesi. Mama akaipaka, akaketi, ikaanza kuwaka. Akafungua bomba, nalo likatoa pumzi tu. Maji yalikuwa yamekatika.

"Tatu! Kimbia kwa Mama Mariamu ukaombe ndoo ya maji! Kimbia kama unakimbizwa!"

Nilikimbia, Mungu ni shahidi. Lakini uani kwa Mama Mariamu walikuwa wanacheza rede, na mchezaji mmoja alipungua. Nikajiambia nitaruka mpira mara moja tu. Siku hiyo sikupigwa na mpira hata mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yangu. Niliporudi na ndoo, Mama alikuwa anazunguka uani akijipepea kichwa kwa ungo, anataja majina ya watu waliokwisha kufa. Tukamwagia maji. Maji yakashuka, na nywele zikashuka nayo. Kuanzia kwenye paji la uso hadi utosini pakabaki peupe kama kiganja.

Mama hakulia. Alijifunga kanga kichwani, akaingia ndani, na mazoezi ya ngoma yakaisha siku hiyo. Jioni nilimsikia akimwambia Baba kwamba hatakwenda Kaliua, watu waambiwe anaumwa. Mimi nilikaa nyuma ya mlango nikiwa na siri yangu tumboni kama jiwe.

Baba ndiye aliyesikia habari za Dada Pili. Huyo alikuwa msusi aliyejifunza kazi Dar, akafungua saluni ya chumba kimoja karibu na stesheni. Watu walisema anaweza kushonea mtu nywele kichwani kama unavyoshona kirinda. Mimi nilichukuliwa kushika nyuzi. Dada Pili akaifungua ile kanga, akakizunguka kichwa cha Mama kama fundi anayekagua paa lililoezuliwa na upepo.

"Pole, Mama Tatu. Ila huku nyuma na pembeni zimebaki za kushikia."

"Na hapa mbele utashonea nini? Ngozi?"

"Hapa mbele tutapita juu kwa juu. Wewe usiiname tu."

"Nitaachaje kuinama, na naenda kucheza ngoma?"

"Utacheza ukiwa wima, mama. Kama askari."

Kilichobaki dukani kilikuwa fungu moja la wivingi ya rangi ya kahawia yenye wekundu. Nyeusi zote zilikuwa zimechukuliwa. Kazi ilianza asubuhi ikaisha alasiri, na sindano ilipokuwa ikipita Mama alinishika mkono akiuminya mpaka vidole vikafa ganzi. Dada Pili aligeuza kioo. Mama akajitazama muda mrefu, akageuza shingo upande huu na ule, kisha akacheka peke yake, kicheko kidogo cha msichana ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

Tuliporudi, Baba alikuwa ameketi barazani. Alimwona mwanamke mwenye nywele nyekundu mpaka mabegani anafungua geti lake. Akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," Mama akaitikia, akapita ndani.

Treni ya usiku tulipanda asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake. Wivingi ile ilikuwa inawasha, na Dada Pili alikataza kujikuna, alisema upige tu kwa kiganja. Safari nzima Mama alijipiga makofi ya kichwa. Abiria wa mbele yetu, mzee mmoja mwenye kuku, alivumilia mpaka Urambo, kisha akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyemkosea, wamtafute pamoja.

Bibi yetu, mama yake Mama, alitupokea Kaliua akiwa mlangoni. "Wangaluka," tukasalimu kwa Kinyamwezi kama alivyopenda. Alikuwa anatazama juu ya macho ya Mama.

"Hizo nywele za nani?"

"Zangu, mama."

"Zako nilizisuka mwenyewe toka ukiwa mchanga. Nauliza hizo za nani?"

"Nimenunua."

"Na mwenyewe yuko hai?"

Bibi akasema mwanamke mwenye nywele za watu asisogelee chungu chake, maana hajui marehemu alikuwa anakula nini. Shangazi zake Mama na binamu wakaanza kucheka wakiwa wameziba midomo kwa kanga. Nikamwona Mama anainua mkono, anagusa kanga ya begani taratibu kutaka kujifunika. Hapo lile jiwe likanitoka.

"Ni mimi, Bibi!" nikapiga yowe. "Nilicheza rede! Mama aliungua na mimi nacheza rede!"

Mama akanitazama.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi."

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa kwa mkono gani? Yote miwili ilikuwa imeshika kichwa."

Bibi akamwita Mama ndani, akafunga mlango. Sijui waliongea nini. Walipotoka, Mama alipewa mwiko.

Siku ya harusi Mama alicheza wima kama askari, na ikawa ndiyo mtindo. Mawifi wote nyuma yake wakanyoosha shingo wakidhani ndivyo wanavyocheza watu wa mjini. Mambo yalikwenda vizuri hadi shangazi wa bi harusi, mwanamke mpana mwenye sauti, alipomsogelea.

"Tuone kama zinaota!" akasema, akavuta.

Fungu moja likaachia. Likaning'inia mgongoni kwa Mama kama mkia wa mbuzi. Ngoma ikakatika. Wale wa upande wa pili wakaangua kicheko, na Mama akasimama pale katikati ya uwanja, mikono imeganda hewani.

Bibi akainuka kwenye kigoda. Alitembea polepole mpaka katikati.

"Mama yangu mimi," akasema, "aliolewa na nywele za kufika mabegani. Zilikuwa nyuzi za gome la mti, zimesukiwa ndani ya nywele zake siku tatu. Wapagazi waliopita hapa na mizigo ya kwenda pwani walisimama kumtazama. Mwanangu amefuata za bibi yake." Akamgeukia yule shangazi. "Wewe ulizovaa umefuata za nani?"

Watu wakatazama kichwa cha yule shangazi, ambacho kilikuwa kimefungwa kilemba kikubwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza kina nini ndani. Bibi akaagiza sindano. Iliyopatikana ni ile ya kushonea magunia ya tumbaku. Akamkalisha Mama kwenye kigoda, hapo hapo uwanjani, akamshonea lile fungu mbele ya koo mbili huku wanawake wakiimba, na mimi nikashika uzi. Alipomaliza akaukata kwa meno. Ngoma ikaanza upya, na safari hii yule shangazi naye alicheza, mbali kidogo.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Rehema saluni mjini Tabora kushonewa nywele za chuo. Viti vinazunguka, vioo vimejaa ukuta, na nywele zinachaguliwa kwenye simu kwa rangi na urefu. Msusi alikuwa msichana mwenye mikono myepesi ajabu. Alifanya kazi saa nne bila kumuumiza mtu, masikioni kaweka vile vidude vya muziki. Rehema naye kaweka vyake. Hakuna aliyeuliza sisi ni kina nani, tunatoka kwa nani, nywele zinakwenda wapi. Hakuna aliyehitaji mtu wa kushika uzi.

Nikamwambia yule msusi, "Mwanangu, bibi yake huyu siku moja alishonewa nywele kwa sindano ya magunia."

Akatoa kidude kimoja sikioni. "Unasemaje, mama?"

Nikamtazama, nikaitazama kazi yake. "Nasema umeshona vizuri."

Akatabasamu, akakirudisha.