Ng'ombe Anayeshiba Kazini

Juzi nilikuwa nimeketi na mwanangu mchanga kwenye gereji moja hapa Bariadi, mzee mmoja alipokataa katakata kupanda gari la haibridi la binti yake. Walikuwa wanampeleka mama kliniki ya macho Mwanza, na miadi ilikuwa mchana huo huo.

"Injini imezima mara tatu tangu nyumbani. Ikizima porini je?"

Binti alikaribia kulia. Fundi akafuta mikono, akalaza vidole viwili sambamba kama ng'ombe kwenye nira.

"Baba, humu mna ng'ombe wawili. Mmoja anakula petroli, mwingine umeme. Ukienda polepole, wa umeme anavuta peke yake, mwenzake anapumzika. Mlimani wanavuta wote."

"Na huyo wa umeme analishwa saa ngapi?"

"Ukishika breki, magurudumu yanamzungusha, anajaza betri."

"Yaani anashiba akiwa kazini?"

"Ndiyo, baba."

"Mayu, panda!" mzee akamwambia mkewe. "Nimelima miaka yote hii, sijapata ng'ombe wa namna hiyo."

"Ulimpata zamani," mama akajibu, akipapasa mlango. "Mimi nakula huku napika."

Gari likaondoka bila mngurumo. Tulichosikia ni kicheko cha mzee. Nami nilicheka, nikitafuna michembe ya viazi huku nanyonyesha.