Mkalia Magari wa Gongoni

Demetria Nizigiyimana hajawahi kupaka rangi kucha zake hata siku moja, lakini muuza vipodozi wa sokoni anamhesabu kuwa mteja wake mkubwa wa rangi nyekundu. Rangi hiyo hupakwa magari. Si bodi ya gari, la. Hupakwa betri, plagi, alteneta, taa na chochote kinachofunguka kwa spana, kitone kidogo mahali ambapo fundi hatakiona upesi. Gari likishatengenezwa, Demetria huinama na kukagua vitone vyake kimoja kimoja. Kitone kikikosekana, mtu ataeleza kilikokwenda.

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Huku kwetu Tabora ukipeleka gari kwa fundi unakaa papo hapo mpaka litengemae, hata iwe kutwa nzima, maana ukiondoka waweza kurudishiwa gari lenye sura ileile na matumbo ya gari jingine. Lakini mwalimu ana vipindi, muuguzi ana zamu, mwenye duka ana duka. Hao humtuma Demetria awakalie magari yao. Hufika Gongoni, mtaa wa mafundi, asubuhi na kigoda chake cha mninga, rozari, na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akatafuna polepole huku macho yakiwa kwenye mikono ya watu. Mbele yake mafundi humwita Mama Aleksi. Akigeuka humwita Kamera.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Ulyankulu, binti wa wakulima wa tumbaku wenye asili ya Burundi, akaolewa Ipuli, hapa mjini, na Adriano, mtu wa pikapu moja na moyo mweupe. Adriano aliiacha pikapu kwa fundi akaenda msibani Urambo. Aliporudi ikawaka vizuri, ikatembea vizuri, ikamfia njiani wiki ileile, na hapo ndipo ilipojulikana kuwa nusu ya injini yake ilikuwa imehamia kwenye gari la mtu mwingine. Hakupata gari tena mpaka anakufa. Mjane wake akamlea mtoto wao wa pekee, Aleksi, kwa mafundisho mawili: amwogope Mungu, asimwamini fundi.

Wazee wa Tabora husimulia kwamba enzi za misafara, mpagazi aliyebeba pembe kwenda pwani alilala kichwa juu ya mzigo wake, kwa kuwa mzigo ulioachwa hata kidogo hupungua. Demetria anaipenda sana hadithi hiyo. Husema yeye ni mjukuu wa wapagazi wale, ingawa kila mtu anajua babu zake walikuwa ng'ambo ya mto Malagarasi wakilima mtama na hawakumbebea mtu chochote.

Basi mwaka huu ikafika zamu ya gari la nyumbani.

Aleksi, ambaye miaka yote alikuwa akiendesha magari ya watu, alijipatia gari dogo jeupe, kuukuu, akalitia injini ya turbo aliyoitoa Dar es Salaam kwenye gari lililopata ajali. Alimwambia mama yake kuwa atabeba abiria wa haraka wa Ulyankulu. Injini ile ilipowashwa uani Ipuli, vikombe viligongana kabatini na kuku wakahamia kwa jirani. Demetria alifurahi. Alisema sasa hata wajomba zake watatembelewa.

Halafu jioni moja, wakila, Aleksi akasema bila kuinua macho, "Mama, fundi kasema nyuma pabadilishwe. Difu lake linalosukuma tairi za nyuma litoke, tuweke la pikapu."

"Lake limeharibika?"

"Halijaharibika. Ni ushauri wake tu."

Demetria akaacha kutafuna. Katika maisha yake yote hajaona fundi akitoa kitu kizima kwa faida ya mwenye gari. "Basi analitaka yeye," akasema. "Jumamosi nitakuja kukaa."

Aleksi alisita kidogo, akasema hakuna haja. Mama yake alikuona kule kusita akakupa maana yake mwenyewe: mtoto anamwonea fundi haya. Kumshuku Aleksi hakukumjia kabisa. Dunia nzima alikuwa amebakiza mtu mmoja wa kumwamini, na ndiye huyo aliyekuwa akimmegea ugali.

Fundi mwenyewe ni Tobias, Mnyamwezi, mtu wa kwaya ya Moravian, mpole mno. Upole ule ndio uliomtia Demetria wasiwasi kuliko yote.

"Shikamoo, Mama Aleksi," akasema Jumamosi asubuhi bandani kwake.

"Marahaba," akajibu, akiangalia mikono ya Tobias na si uso wake.

Alilikuta difu la zamani limeshashushwa, limelala chini pamoja na shafti zake mbili nyembamba. Akatoa chupa yake akalitia vitone mbele na nyuma. Hakuridhika, akasogeza kigoda mpaka goti lake likaligusa. Tobias alipokwenda nyuma ya banda kuchukua mafuta ya taa ya kuoshea vyuma, alimfuata. Alipokwenda chooni alisimama karibu, akakohoa ili ajulikane kuwa yupo. Siku hiyo alikuwa pia amekabidhiwa gari la Kuluthumu, mama wa Igunga anayeuza mchele, lakini lile lilikuwa likibadilishwa taa tu, na mwenyewe alikuwa njiani kulifuata. Akili yote ya Demetria ilikuwa kwenye difu.

Kufika adhuhuri akashindwa kuvumilia.

"Tobias, baba, nikuulize. Mwanangu amekukosea nini hata umng'olee kitu kizima?"

Tobias alikuwa ameliweka wazi difu la pikapu, meno yake, yale magurudumu ya chuma makubwa na madogo, yameoshwa na kutandazwa juu ya gunia. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Mimi ndiye niliyemkataza, mama."

"Ulimkataza nani?"

"Aleksi. Muulize. Nilimwambia abaki na hilihili."

Demetria akacheka kwa pua. Wezi aliowahi kuwakalia wote walianza hivyohivyo. Akamwambia aeleze basi, naye Tobias akachuchumaa, akaegemeza kiganja kimoja juu ya difu la zamani.

"Hili la kwake, kila tairi lina shafti yake na linacheza peke yake. Moja likidumbukia shimoni, la pili halina habari. Barabara ya Ulyankulu unaijua. Abiria wako wanafika na viuno vyao, na kwenye kona gari linashika njia. La pikapu ni bomba moja zima kutoka tairi hadi tairi. Upande mmoja ukiruka, na wa pili umeruka."

"Kwa hiyo la pikapu ni baya."

"Si baya. Ni gumu. Injini ile ina nguvu nyingi, mama. Mtu akisimama kabisa, akaikanyaga yote kwa mara moja, hizi shafti nyembamba zinakatika kama muwa. Lile halikatiki, tairi zote mbili zinakaa sawa na kusukuma pamoja. Nikamwambia Aleksi, kama hofu ni shafti, tuagize nene, difu libaki hilihili. Akasema hana muda. Kesho alfajiri lazima liwe tayari."

"Nani anayesimama kabisa akaikanyaga yote kwa mara moja?"

Tobias aliokota kitambaa akaanza kufuta jino lililokwisha kuwa safi.

Demetria alimtazama akitafuta uongo usoni mwake, kwa ujuzi wa miaka yote ile, akaukosa. Jambo hilo lilimuudhi. Akainuka kwenda kulitazama gari, ambalo tangu asubuhi alikuwa hajalitazama kwa kuwa alimtazama fundi. Akachungulia kiti cha nyuma. Hakikuwepo. Aleksi alikuwa amemwambia kimepelekwa kushonwa, na humo ndani hata mikanda ya abiria ilikuwa imefunguliwa, na matundu ya bolti zake yamezibwa. Gari la abiria lisilo na mahali pa abiria. Tairi za nyuma zilikuwa mpya, pana, za lami tupu. Huko Ulyankulu zisingevuka hata tope la kijito.

Kuna kipande cha lami nje ya mji, upande wa kwenda Nzega, kilichonyooka mpaka macho yanachoka. Jumapili alfajiri, watu wakiwa misa ya kwanza, vijana husimamisha magari mawili pale sambamba, kitambaa kikashushwa, na anayefika mbele ndiye mwanamume. Mwaka jana walimzika Elieza aliyefia pale, mtoto wa Asnath, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Demetria ndiye aliyemshika Asnath makaburini ili asijitupe. Na usiku wa matanga Aleksi alimwapia mama yake kwamba yeye pale hatakanyaga. Sasa Demetria akakumbuka kwamba Jumapili tatu mfululizo hakumwona kanisani, na kila mara alimwamini aliposema amesimama nyuma.

Mdhaniaye ndiye, kumbe siye. Alirudi kwenye kigoda akaketi. Aliogopa, na chini ya ile hofu kulikuwa na aibu, kwa kuwa yeye, Kamera wa Gongoni, alikuwa amekagua vitone vya mji mzima na ndani ya nyumba yake hakuweka hata kimoja.

"Tobias," akasema kwa sauti ndogo. "Kitu kimoja kikipotea hapo kwenye gunia, gari litatembea?"

"Hilo jino dogo likikosekana, haliendi popote. Na hapa mjini kulipata jingine ni shughuli ya wiki nzima."

"Basi, baba, lipoteze."

Fundi akainua uso. "Mama Aleksi, miaka yote hii unanifuata mpaka chooni kwa kuwa mimi ni mwizi. Leo unaniomba niibe?"

"Nakuomba."

"Mimi siibi," akasema Tobias. Akasimama, akachukua sabuni, akaenda kunawa mikono bombani upande wa pili wa uwanja. Alinawa muda mrefu sana, akiwa amempa Demetria mgongo, na hakugeuka hata mara moja.

Kuluthumu alikuwa ameshafika na anajaribu taa za gari lake wakati Aleksi alipoingia, mchangamfu, funguo zikizunguka kidoleni. Alimwamkia Kuluthumu, akampa mama yake shikamoo, akachuchumaa kwenye gunia kuangalia vyuma. Akaangalia tena. Akainua gunia.

"Jino dogo liko wapi?"

Tobias, aliyekuwa amesharudi kutoka bombani, aliendelea kukausha mikono. Aleksi hakusubiri. Alisimama akamkamata kola, na maneno yaliyomtoka yalikuwa ya mama yake, neno kwa neno, yale aliyolelewa nayo: kwamba mafundi wote ni wamoja, kwamba hawa ndio waliomuua baba yake taratibu. "Mama, umekaa hapa kutwa. Sema. Kalipeleka wapi?"

Hapo Demetria angeweza kunyamaza. Hakuna mtu Tabora ambaye angemwamini Tobias dhidi yake, na gari lisingetoka, na mtoto asingejua kamwe. Alimwona Tobias, kola imemkaba, akimtazama bila kulalamika, kama mtu anayesubiri kuona yeye ni nani hasa.

"Mwache," akasema. "Mimi ndiye niliyeiba."

Aleksi alidhani ni mzaha. Kuluthumu hakudhani hivyo. Alitoka kwenye usukani, akafungua boneti, akaanza kukagua vitone vyake vyekundu kimoja baada ya kingine, na Demetria akamwona, akajua kuwa kazi yake ya mjini inaishia pale. Iliuma, lakini si kama alivyokuwa akidhani siku zote.

"Liko wapi, mama?"

"Nimelikalia."

Na kweli alikuwa amelikalia. Alikuwa amelilaza juu ya kigoda, akakunja kitenge juu yake, akakaa, na meno yake yalikuwa yakimtafuna tangu Tobias alipokwenda bombani. "Ulinidanganya kwa Ulyankulu," akasema. "Ulinidanganya kwa kiti. Ukamsingizia fundi maneno yako mwenyewe, ukijua sitamsikiliza. Kesho alfajiri unakwenda alikokwenda Elieza. Kama unalitaka, niinue ulichukue."

Mikono ya Aleksi iliiacha kola, ikabaki ikining'inia. Alipiga hatua kuelekea kigodani, akasimama. Alikuwa na nguvu za kumwinua mama yake kwa mkono mmoja, na hakuna kijana wa kule alikolelewa anayeweza kumwekea mama yake mkono huo akabaki na uso wa kuonyesha watu.

"Utakaa hapo mpaka lini?" akauliza, sauti imepasuka.

"Mpaka Tobias akurudishie lile la zamani. Au mpaka misa ya kesho iishe. Chagua."

Aleksi akatafuta pa kukaa, akavuta tairi kuukuu, akalilaza mbele ya mama yake. Akaketi, akamkazia macho, kama mama yake alivyowahi kuwakazia mafundi wa mji mzima, akisubiri achoke na kuinuka. Demetria akajiweka sawa juu ya chuma, akaingiza mkono kapuni, akampa mwanawe kipande cha tobolwa. Kwa kukaa, Tabora nzima hakuna aliyewahi kumshinda.