Mteja Aliyesema Hajisikii

Hii si habari niliyoletewa na jirani. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa mtaani kwetu Buyenzi, mafundi wa magari wakigonga vyuma pande zote. Sikuwa na homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, mapema.

Nauza ekuteri, vile visikizi vidogo vya kutia ndani ya sikio. Meza yangu iko barazani pa duka la vipuri. Bei zangu ni za watu wetu wa kawaida, na mtu akija namuuliza kwanza: unasikiliza muziki gani? Wa kaswida nampa zenye kutoa sauti ya mtu ikiwa safi, zisizovuma. Vijana wa rap wanataka kishindo. Wa rumba ndiye mgumu, maana rumba ina magitaa kadhaa, na kila moja linadai nafasi yake. Hayo nayajua kwa sababu ujanani nilipiga gitaa la solo kwenye bendi ya maharusi. Tulirekodi wimbo mmoja tu. Mpaka leo uko kwenye simu yangu, na ndio ninaowajaribishia wateja. Kwa nini nisijisifu kidogo?

Siku hiyo mvua ilishuka baada ya sala ya adhuhuri. Akaja mzee wa rika langu, kofia imemfika kwenye nyusi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Vumbi, na barabara nzima ni tope! Niliona, nikapuuza. Mfanyabiashara haulizi mteja ametokea wapi.

"Karibu, mzee mwenzangu. Unasikiliza muziki gani?"

"Rumba. Ya zamani."

Nikampa ekuteri na simu. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wetu.

"Hilo gitaa ni langu, unalisikia?" nikamwambia.

"Nalisikia. Linapiga kelele."

Nikacheka. Akazitoa, akazirudisha mezani. "Apana. Mi sijisikii."

Nikampa nyingine, zile za kishindo ninazowauzia vijana. Akasikiliza amefumba macho, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya paja. "Na hizi pia. Sijisikii."

Wewe ungeelewaje? Kwetu mtu akisema hajisikii, anaumwa. Nikamsogezea kiti changu. "Keti, ndugu yangu. Nikuletee maji?"

Akaketi. Akanitazama bila ubaya wowote.

"Leo unanipa kiti," akasema. "Siku ile ulinituma dispansari."

Niamini, mtu wa kuniambia maneno hayo alikuwa mmoja tu: Saidi, mpiga besi wetu. Na Saidi alifia Uvira, ng'ambo tu ya mpaka, miaka mingi iliyopita. Mazishini sikwenda.

Nikueleze. Siku ya kurekodi nilibaki nyuma na fundi wa sauti, nikamwomba apunguze besi ili gitaa langu litoke mbele. Hakutaka. Nikamsihi, akaishusha mpaka chini kabisa. Tulipokusanyika kuusikiliza wimbo, Saidi aliinamisha sikio kwenye spika, akauliza, "Mbona sijisikii?" Nilijua vizuri alichouliza. Nikamjibu, "Kama haujisikii, enda dispansari!" Bendi nzima ilicheka mpaka machozi. Saidi naye alicheka. Hakurudi tena kwenye mazoezi.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti changu.

"Saidi," nikasema, "ni mimi niliyemwambia fundi..."

"Acha maneno mengi, we. Vipira hivi ni vikubwa, besi inatorokea pembeni. Umesahau masikio yangu? Si mulikuwa munayacheka kwamba ni ya mutoto?"

Alisema kweli, na hiyo ndiyo kazi yangu: kipira kisipoziba tundu la sikio, besi yote inatoka nje, hata ekuteri iwe ghali namna gani. Nikatafuta vipira vidogo kuliko vyote, nikavivisha ekuteri ya bei ya chini kabisa, isiyo hata na jina. Vipira vikaniponyoka mara mbili. Yeye akangoja. Kisha akatia kisikizi kimoja sikioni mwake, kingine akanitia mimi. Waya ulikuwa mfupi, vichwa vyetu vikakaribiana. Hakuwa na joto, hakuwa na baridi.

Wimbo ukaanza, na besi ikaja. Jamani! Ilitembea chini ya wimbo kama mtu aliyebeba nyumba kichwani na bado anacheza. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikitushikilia sote. "Nisamehe," nikasema, nikarudia. Sijui kama alinisikia. Sikio lake lilikuwa na kazi. Neno lake lilikuwa moja tu, alilisema taratibu:

"Ah. Ndiye mi huyu."

Wimbo ulipoisha niligeuka. Kisikizi chake kilikuwa kimelala kwenye kiti, na chini ya kiti palikuwa na vumbi kavu.

Tangu siku ile, kwenye wimbo huo silisikii gitaa langu. Nyimbo nyingine zote nazisikia sawasawa, na daktari wa masikio hakuona kasoro. Fundi jirani hunicheka: "Lipo, mzee! Linalia kama mbuzi!" Mimi nasikia sauti za wenzangu, na chini yao Saidi. Mwanzoni nililia. Siku hizi nafumba macho, nasikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli ni wimbo mzuri kuliko nilivyodhani.

Ekuteri ile siiuzi. Nyingine njoo uchague, nitakupimia vipira mpaka vikae. Lakini usikimbilie ile inayopaza kilicho juu tayari. Msikilize kwanza aliye chini. Na mtu akikuuliza yuko wapi katika kazi mliyoifanya pamoja, usimjibu kwa mzaha. Mimi nilijibu kwa mzaha. Leo nauweka wimbo wangu mwenyewe, na mimi sijisikii.