Bosi, Picha Iliyokwama na Kadi ya Grafiki

Nilifanya kazi miaka mitatu katika studio moja ya video mjini Kericho. Bosi alikuwa akirekodi sherehe. Mimi nilihariri video hizo na kuzionyesha ukumbini. Siku moja akasoma mtandaoni kuhusu programu inayolainisha video. Inabuni fremu mpya, yaani picha moja moja, katikati ya zile zilizopo, ili mtu anayetembea kwenye skrini asionekane akirukaruka. Akaipenda kabla hata ya kuijaribu.

"Laptop yetu haitaweza," nilimwambia. "Haina kadi ya grafiki ya kuchora picha. Kazi yote itaangukia prosesa, ubongo wake, na hiyo prosesa ni ya zamani."

"Wewe kazi yako ni kubonyeza," akanijibu.

Tulienda Ndanai kwenye sherehe ya mwalimu mzee aliyekuwa akistaafu. Mama yangu alikuwepo, kwa maana mwalimu huyo alimfundisha kusoma. Wakati wa kuonyesha video ya hotuba ya mwalimu, bosi aliiwasha ile programu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kuketi na wageni. Haikuchukua muda feni ya laptop ikaanza kulia. Picha ikakwama. Kwenye skrini mwalimu akaganda mdomo wazi, huku sauti yake ikiendelea kuhutubia. Picha ikaachia, ikakwama tena. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Bosi akachukua maikrofoni. "Mtusamehe, wazee. Huyu msichana amebonyeza vitu asivyovijua. Leo ni siku yake ya mwisho kwangu."

Nilimwona mama akiinamisha kichwa na kuanza kutafuta kitu ndani ya mkoba, kitu ambacho nilijua hakikuwepo.

Nilirudi nyumbani Merigi. Sikulia hata kidogo. Nilianza kurekodi kwaya, na pole pole nikaunda kompyuta yangu ya mezani: prosesa mpya, kadi ya grafiki yenye memori yake, pawa saplai ya kuilisha umeme wa kutosha, feni mbili za kupoza, na skrini inayoweza kuonyesha fremu sitini kwa sekunde, maana bila hiyo fremu za ziada ni kazi bure. Kila nilipokaza skrubu nilimfikiria bosi. Niliijaribu kwa video ya wanawake wakichuma chai kwenye ukungu. Hakuna kitu kigumu kulainisha kama mikono yao. Mashine ikiwa dhaifu, vidole vinayeyuka kama moshi.

Mwaka uliofuata kanisa moja la Sigowet lilitafuta mtu wa kurekodi na kuonyesha ibada. Kamati ikatuita mimi na bosi, kila mmoja na mashine yake, tuonyeshe video ileile moja baada ya ibada ya Jumapili. Walipouliza video ipi, nilijitolea kuleta ile ya wachuma chai. Nilijua ninachofanya.

Nilitangulia mimi. Mama mmoja, mchumaji mwenyewe, akasimama akasema, "Hata kucha naziona!" Kisha bosi akafungua laptop mpya, nyembamba, inayong'aa. Nikaitazama mara moja tu. Stika zake zilionyesha haikuwa na kadi ya grafiki. Picha ilikwama kabla wachumaji hawajafika mwisho wa mstari.

Akanijia, akaninong'oneza, "Madam, niokoe. Nizime nini?"

Kilikuwa kitufe kimoja tu, cha kuizima ile programu. Nilikaa bila kusogea.

"Chukua maikrofoni kwanza. Useme ni nani aliwasha ile programu kule Ndanai."

"Hapa? Kanisani?"

"Hapa hapa."

Tayari nilikuwa nimempigia mama simu, naye alikuwa kwenye laini akisikiliza. Bosi akasema yote: kwamba nilimwonya, kwamba aliiwasha mwenyewe, kwamba alinisingizia. Ndipo nikakibonyeza kile kitufe, na video ikaendelea kama kawaida, na kurukaruka kwake.

"Imetosha sasa, mwanangu," mama akasema kwenye simu. "Mwache."

Kazi nilipewa mimi. Lakini sikumwacha. Wiki mbili baadaye bosi alikuja Merigi, kofia mkononi, kuniuliza anunue vifaa gani. Ningeweza kumwandikia orodha kwa dakika moja. Nikampa kalamu na kijitabu.

"Keti uandike," nikamwambia. Nikamsomea polepole, kama anavyosomewa mtoto wa darasa la pili, kifaa kimoja kimoja na sababu yake. Alipofika mwisho nikakichukua kijitabu, nikakikagua. Alikuwa ameruka feni. Nikamfungulia ukurasa mpya, nikamwambia aanze tena kutoka juu.