Mtunza maktaba, wafu wa Kairo na msiba wa jirani

"Wafu wa miaka mia saba iliyopita unawajua mpaka majina. Bibi Theresia wa hapo bondeni, aliyekulelea Hans, anazikwa leo, humjui?"

Ni saa mbili asubuhi, Jumamosi, kwenye kijia cha mteremko juu kidogo ya Nkoaranga, Meru. Joyce Mbise ana mzigo wa kuni kichwani na hana mpango wa kuutua mpaka amalize la moyoni. Mbele yake amesimama jirani yake, Elisaria Akyoo, ambaye huku kila mtu humwita Mama Hans. Mkononi ana funguo za maktaba.

"Nitakuja, Mama Nathanael. Nimalize na watoto kwanza."

"Utakuja. Kwa marehemu Lemburis ulisema hivyo hivyo. Tumezika, tumekula, tumeosha na vyombo, wewe uko kwenye kompyuta na watu wako wa Misri."

"Dokta Ummy ni wa Dar es Salaam, siyo Misri."

"Basi siku ukifiwa tena, mwite abebe jeneza."

Mama Hans anageuka kushika njia ya shule. Joyce mwenyewe anajua amegusa pabaya. Anaweka sawa kata yake, anateremka na kuni zake.

Mama Hans, 46, ni mtunza maktaba wa shule moja ya sekondari ya kata. Elimu yake ni kidato cha nne. Kazi aliyoajiriwa ni kupanga vitabu, kufagia na kufukuza popo darini. Hii nyingine alijipa mwenyewe miaka mitatu iliyopita, wanafunzi walipokuja kutafuta habari za Kilwa ya kale.

"Kitabu kilikuwa na ukurasa mmoja tu wa Kilwa, na huo nao umechanika," anasema. "Nikasikia kuna msomi wa historia ya zama za kati amekuja chuo cha Makumira kwenye semina. Nikaenda kumsubiri mlangoni. Alipotoka nikamwamkia shikamoo. Akacheka, kumbe ni mdogo kwangu."

Ndivyo alivyompata Dokta Ummy Khalfani. Tangu hapo, kila Jumamosi Mama Hans hununua bando kwa fedha yake, huwasha kompyuta, na watoto wa mlimani humuuliza dokta huyo na wasomi wenzake wa nchi nyingine habari za masultani, misafara na miji iliyobaki magofu. Katikati ya wiki dokta anafundisha mpaka jioni. Jumapili ni kanisa. Ilibaki Jumamosi.

Anayeijua Meru ameshaona tatizo liko wapi. Huku Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Marehemu husubiri watoto walioko Dar es Salaam wasafiri, na wale wa Njiro, Arusha mjini, wapate nafasi. Na msiba hauna kadi ya mwaliko. Unabeba mkungu wako wa ndizi, unamenya, unapika, unaosha. Usipoonekana, hakuna atakayekusema usoni. Watakusubiri ufiwe.

Mama Hans alifiwa Machi. Mumewe, Peter, aliugua figo muda mrefu. Turubai lilifungwa, viti vya kukodi vikapangwa. Kwa desturi kaburi huchimbwa na majirani, wenye msiba hawashiki jembe. Asubuhi ile walikuja wazee wawili. Ikabidi wavulana wa kidato cha nne wateremke na majembe ya shule, wakachimba wenyewe na mwalimu wao.

"Ndizi zilibaki kwenye sufuria," anasema. "Viti vilirudi kwa mwenyewe bila hata vumbi. Mume wangu alizika watu wa kijiji hiki maisha yake yote. Adhabu ilikuwa yangu, wakampa yeye."

Wapo wanaonong'ona kwamba Joyce ndiye aliyewazuia wengine. Joyce anakataa.

"Sikumzuia mtu. Nilikaa kwangu tu. Nikasikia wanaimba. Nyimbo za watu wachache zinajulikana hata ukiwa mbali. Nikaona aibu, lakini nikabaki nimekaa."

Maktabani leo wapo wanafunzi kumi na mmoja. Somo ni tauni iliyoukumba mji wa Kairo. Nanyori, msichana wa kidato cha tatu, anasogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Dokta, watu walivyokufa wengi hivyo, nani alizika?"

"Waliobaki, walivyoweza," anajibu Dokta Ummy. "Majeneza hayakutosha. Watu walibebwa juu ya mbao, juu ya milango. Wengine walipelekwa makaburini bila mtu nyuma yao."

Mama Hans anatoka nje. Anaporudi, amejifunga kanga ya pili.

"Dada Ummy, leo nafunga mapema. Nina msiba."

"Nenda ukazike, dada. Wafu wangu mimi hawana haraka."

Kompyuta imeandikishwa kwa jina lake, hawezi kuwaachia. Anawaambia wanafunzi kwamba vipindi vya Jumamosi havitakuwepo tena.

"Sasa tutamuuliza nani?" anauliza Nanyori.

Mama Hans anafunga mlango, anajaribu kitasa, anauliza kama wote wamechukua madaftari yao.

Anachotaka sasa ni siku nyingine ya wiki, hata Alhamisi jioni, angalau kidato cha nne wasifike kwenye mtihani mikono mitupu. "Dokta amesema ataangalia," anasema njiani, mkungu wa ndizi kichwani. "Kuangalia siyo kukubali. Lakini mimi bado naishi hapa."

Kwa Bibi Theresia anakuta mchungaji ameshamaliza na vijana wanasawazisha udongo. Anasimama kando ya kaburi, analia kimya. Kisha anautua mkungu karibu na jiko, ambako ndizi zimeshaiva na hakuna wa kuuhitaji, na kurudi nyuma hadi kwenye migomba. Wanawake wanamtazama, wanatazamana.

Joyce anatoka jikoni na upawa mkononi.

"Mama Hans, mbona umesimama huko kama mtu wa sensa?"

"Nimechelewa, Mama Nathanael. Hata ndizi moja sijamenya."

"Vyombo vya kuosha vipo, havijakimbia. Ingia ndani ule kwanza."