Upepo Ndio Unaokula Mafuta

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, saa kumi na dakika ishirini jioni, baba mdogo Festo aliingia uani kwetu hapa Mbeya akiwa na begi moja na vumbi la Chunya mpaka kwenye nyusi. Akamsalimia baba, akamsalimia mama, akanisalimia mimi, kisha akaizunguka pikapu yetu akigonga tairi moja moja kwa ncha ya kiatu. Alipofika tairi ya nne nilikwenda chumbani kuchukua daftari hili.

Enzi zetu pikapu ilikuwa mtu wa nyumbani. Najua binti wa kidato cha nne hajapewa ruhusa ya kusema "enzi zetu", lakini mdogo wangu Tusa ana miaka minane na anaamini viazi vinaletwa na bodaboda, kwa hiyo mtu wa zamani hapa ni mimi. Sisi tulikimbiza tairi bovu kwa fimbo kutoka kwetu mpaka shuleni. Tusa anaendesha gari kwenye simu ya mama, na gari likipinduka anaanza upya. Sisi tukipinduka tulipakwa mafuta ya taa kwenye goti na kuulizwa nani alitutuma.

Baba alinunua viazi Kilolo, kwao Iringa, na kuviuza sokoni Mwanjelwa. Dereva alikuwa baba mdogo Festo, mdogo wake wa tumbo moja. Likizo zilipofika nilipakiwa katikati yao, magoti yote mawili upande mmoja wa gia, nimevaa sweta la shule kwa sababu ndilo lililokuwa zito. Ndani ya ile pikapu kulinuka dizeli, gunia bichi na mahindi ya kuchoma ya Mafinga. Mwisho wa safari alikuwepo Bibi, na kande, na parachichi zilizofichwa ndani ya mahindi makavu ziive. Nilikuwa na haya kiasi kwamba wageni wakija nilikula nyuma ya mlango. Bibi aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akasema: "Gari ndiyo haina haya. Inakula mbele za watu."

Na kweli ilikula. Kila jioni baada ya safari mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ni chakula cha gari. Baba alisema gari inakula. Mama alisema mbona ya jirani haili. Baba mdogo alieleza kwa upole, maana alikuwa akiongea na kaka yake, kwamba zile lumbesa, magunia yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa, ni mzigo wa gari kubwa. Kwamba mlima wa Inyala haupandwi kwa maombi. Kwamba chujio la hewa limejaa vumbi kama pua ya mtoto, na kwamba baba akishika usukani mguu wake unalala kwenye mafuta. Baba alisikiliza yote. Hakupunguza gunia hata moja.

Siku moja tukitoka Makambako, upepo ulishika turubai juu ya mzigo ukaanza kuturudisha Iringa. Makambako hakuna siku isiyo na upepo, ila ule ulikuwa na nia. Baba mdogo alishusha gia, akaonyesha mshale wa mafuta kwa kidevu. "Unaona, mwanangu? Upepo ndio unaokula mafuta."

Baba akasema, "Basi, ikiendelea kula hivi naipiga bei."

Hayo maneno mawili ndiyo niliyorudi nayo nyumbani: upepo unakula mafuta, na pikapu itauzwa. Pikapu ikiuzwa, Bibi atakuwa mbali kama Ulaya. Nilikuwa na miaka minane, umri wa Tusa, na nilikuwa na akili ya kutosha kufanya madhara.

Wiki hiyohiyo tulipita kwa fundi wa tairi pale Mwanjelwa. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia baba mdogo, "Nimekuwekea upepo wa kutosha, kaka, tairi zote nne."

Nilishangaa watu wazima. Upepo unakula mafuta, na wao wanalipia uingizwe ndani.

Tangu hapo, kila jioni ya kuamkia safari, wakati mama anapika na baba anasikiliza taarifa ya habari, nilitoka na njiti ya kiberiti. Nilifungua kile kikofia cha plastiki kwenye tairi, nikabonyeza kichuma cha katikati, nikahesabu mpaka thelathini. Fyuuu. Tairi zote nne, thelathini thelathini, kwa haki. Nilirudi ndani nikala ugali wangu nikijiona nimeiokoa nyumba.

Gari ikazidi kula. Nikaongeza mpaka arobaini.

Baba mdogo aliona tairi zimelegea, akazijaza Mafinga, akamwambia baba kwamba upepo unaishia hapahapa nyumbani. Baba akaipeleka gari kwa fundi. Fundi akazamisha tairi zote nne kwenye beseni la maji, moja baada ya nyingine, na hakuna hata povu moja lililotoka. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya sketi ya mama. Baba alitazama yale maji yaliyotulia, kisha akamtazama mdogo wake.

"Festo, tairi ni nzima. Mafuta unanyonya wewe."

Baba mdogo hakupandisha sauti. Alisema, "Sijanyonya, kaka." Akasema mara moja tu, akaweka ufunguo juu ya boneti, na wiki ile akaondoka kwenda Chunya kuwaendeshea wachimbaji.

Mimi sikusema kitu. Kwanza sikujua kwamba nina kitu cha kusema. Ila sikuwa na moyo tena wa kutoka na njiti, nikaacha. Baba akaanza kuendesha mwenyewe, na mguu wake uleule, na lumbesa zilezile, na gari ikapona. Ikala kistaarabu. Baba akatutangazia mezani, "Mmeona sasa?" Tukaona. Ukawa ndio ushahidi.

Nilikuja kuelewa kidato cha pili. Mwalimu wa fizikia aliingia na baiskeli darasani, akatoa upepo tairi ya nyuma, akamwita mwenzetu aisukume. Alisukuma akitweta. Mwalimu akauliza nani anajua kwa nini tairi laini inachosha. Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote Nyanda za Juu Kusini. Sikunyoosha mkono. Niliandika kwenye daftari, "tairi laini, gari inakula zaidi," nikapiga mstari chini yake kwa rula, na nikaendelea kukaa kimya miaka miwili mingine, kwa sababu kukaa kimya ni kazi ninayoiweza.

Sasa baba magoti yanamsumbua na anatafuta dereva. Ni mama aliyemwita baba mdogo. Leo kwenye chai, mbele ya viazi vya kuchemsha, baba alimwambia kwa adabu kwamba amefurahi kumwona, lakini gari ameshamwahidi mtu mwingine. Hakuna mtu mwingine. Baba mdogo alimenya kiazi chake taratibu, akasema, "Haina shida, kaka. Kesho narudi na basi la asubuhi." Mama akasema, "Shemeji, ongeza chai." Akaongeza.

Nimeandika yote haya kwa sababu kwenye karatasi sina haya.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na kiberiti. Baba alikuwa anapasha injini, baba mdogo amesimama pembeni na begi lake. Salamu ilinishinda. Nilipiga magoti kwenye tairi ya mbele, nikafungua kikofia, nikabonyeza. Fyuuu. Nilihesabu kwa sauti mpaka thelathini, na sijawahi kuongea kirefu hivyo mbele ya baba. Halafu nikasema, "Nilikuwa mimi. Mlisema upepo ndio unaokula mafuta."

Baba alizima injini. Alitazama njiti, akatazama tairi, akamtazama mdogo wake. Kisha akachomoa ufunguo, akampa.

"Festo," alisema, "nenda kajaze upepo."

Nilipanda naye, kiti cha katikati, kama zamani. Harufu ni ileile, ila bila mahindi. Zamani magoti yangu yalitosha upande mmoja wa gia. Sasa hayatoshi, na kila alipotaka gia ya pili ilibidi niyasogeze na kusema samahani, baba mdogo. Kila mara alijibu, "Haina shida." Kutoka kwetu mpaka kwenye mashine ya upepo kuna mabonde mengi. Gia ya pili ilihitajika mara kumi na moja.