Simu Zilizokatwa kwa Amri ya Mstari Mmoja

Mwaka ule tuliofungiwa majumbani mara ya pili kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, nilikuwa nafanya kazi kwenye meza ya jikoni, Cabramatta, mtaa wa wahamiaji magharibi mwa jiji. Niliajiriwa na kampuni ndogo iliyouza mfumo wa simu za video kwa nyumba za kutunzia wazee. Wageni walikuwa wamepigwa marufuku huko, kwa hiyo aliyetaka kumwona mama yake au mumewe alimwona kwenye skrini, kupitia seva yetu. Mimi ndiye niliyeitunza. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa imechoka.

Kila simu iliyofunguliwa iliwasha programu yake ndani ya seva. Programu hiyo iliipokea picha ya upande huu na kuigeuza ili ionekane upande wa pili. Simu zikiwa nyingi, prosesa ililemewa, na picha zote zikaganda. Nikamwomba bosi tuchukue seva kubwa zaidi. Yeye aliishi mashariki, karibu na ufuko, ambako watu walikuwa bado wanatembeza mbwa mchangani. Kwetu helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na kuvuka mipaka ya mtaa kulihitaji kibali.

"Hapana," akasema. "Weka limit."

Kwenye shell, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kuna amri inaitwa ulimit. Unaiandika kabla ya kuwasha programu, na kila programu inayowashwa kutoka hapo inarithi kikomo ulichoweka: cha kumbukumbu, cha idadi ya faili, cha muda wa prosesa. Bosi alichagua muda wa prosesa. Programu ikimaliza fungu lake, mfumo unaiua.

"Wote watapata sawa," akasema. "Hiyo ni fair."

"Si sawa," nikamwambia. "Hizo si dakika za saa ya ukutani. Ni muda ambao prosesa inatumika. Mwenye simu mpya, picha yake inapita bila kazi kubwa, ataongea hadi achoke. Mwenye simu kuukuu, picha yake inageuzwa upya yote. Fungu lake linaisha hata salamu hazijaisha."

"Wengi hawataona tofauti."

Nikajaribu njia nyingine. Vikomo viko viwili, kilaini na kigumu. Programu ikifika kwenye kile kilaini hupewa kwanza ishara, na ningeweza kuifanya ioneshe maneno kwenye skrini kwamba simu inakaribia kuisha, aganeni. Kile kigumu kinaua bila kusema. Ukiandika amri hovyo, vyote viwili vinawekwa mahali pamoja, na lile onyo halipo. Nikaomba muda kidogo niliandike.

"Later," akasema. "Washa leo."

Nikawasha. Viza yangu ilikuwa imefungwa kwenye kazi ile kama mbuzi kwenye kigingi, naye alilijua hilo vizuri kuliko alivyoijua seva.

Chini ya fleti yangu aliishi mama mmoja kutoka Bukavu. Mumewe alikuwa mwalimu huko kwao. Uzee ulimpokonya kwanza Kiingereza, halafu njia ya kurudi nyumbani, na muda mfupi kabla ya milango kufungwa mama alikubali apelekwe kwenye nyumba ya wazee upande wa Campbelltown, mmoja wa wateja wetu. Nesi mmoja Mkenya ndiye aliyemshikia mzee tableti wakati wa simu, kwa sababu wengine hawakuelewa anachosema.

Mchana mmoja nilishuka kuanua nguo. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, simu yake iliyopasuka kioo ikiwa mbele ya uso. Nilimsikia mzee akiuliza, "Unakuja wakati gani?" Mama akajibu, "Nitakuja, Papa, wakifungua tu njia, nita—"

Skrini ikawa nyeusi. Mama akaitazama, kisha akaiweka mapajani.

"Unaona? Ananikatia tena."

"Nani, mama?"

"Bwana yangu. Tukianza kusema muzuri, anakata. Iko na kasirani juu nilimuacha kule."

Nguo zilinitoka mikononi. "Mama, si yeye. Ni kompyuta. Kompyuta ya kazini kwangu ndiyo inakata."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekudanganya ili usilie. "Mwanangu, mimi namujua. Akikasirika, hasemi. Anageuza uso."

Nilipanda juu, nikaifungua ile faili, nikavitenganisha vikomo. Kigumu nikakisukuma mbali, kilaini nikakiwekea onyo, la Kiingereza na la Kiswahili. Kesho yake simu ya mama ilikwenda vizuri hadi saa ya dawa za mzee ilipofika. Lakini za wengine ziliganda, malalamiko yakamfikia bosi, naye akaifungua faili mwenyewe. Alirudisha mstari wake na kuninyang'anya mamlaka ya juu kwenye seva.

"You're not a social worker," akaniambia, yaani kuhudumia wenye shida si kazi yangu.

Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kukishusha kikomo kigumu, hawezi kukipandisha. Nilibaki kusoma orodha ya programu zilizouawa, kila mstari mazungumzo ya mtu.

Basi nikamshushia mama simu yangu mwenyewe, iliyokuwa mpya zaidi. "Tumia hii," nikamwambia. "Hii haitakatika." Akajifunga kitambaa kizuri kichwani, akapiga. Aliyetokea kwenye skrini ni nesi, peke yake.

"Mama, pole," nesi akasema. "Mzee amekataa leo. Anasema amechoka. Anasema kila akikuongelesha, wewe unamkatia simu."

Mama alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisimama pale ngazini nikitamani kuvunja kitu, na hapakuwa na cha kuvunja isipokuwa ndoo ya vibanio vya nguo.

Mzee hakutaka tena kuitwa kwenye tableti. Ugonjwa uliingia nyumba ile, naye hakumaliza nao wiki. Mazishini waliruhusiwa watu wachache, na mimi sikuwa mmoja wao. Nilimpelekea mama chakula mlangoni. Alikipokea, akashukuru, na hakuniuliza chochote kuhusu kompyuta.

Mwezi ule ule bosi alipata mteja mkubwa aliyetaka kuuona mfumo ukifanya kazi. Seva kubwa ikapatikana. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai: alibonyeza mahali, ikapanuka. Akanirudishia mamlaka kwa shughuli hiyo tu, akaniagiza niondoe kikomo, maana hakikuhitajika tena. Niliufuta mstari ule, nikahifadhi faili, nikamwandikia kwamba tayari. Akanijibu kwa kijipicha cha kidole gumba.